Chakula Kifike Kikiwa Moto

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeitwa kwa admin saa tatu asubuhi. Nilidhani ni maneno ya gesi. Siyo! Bwana Alexander alifunga mlango kwanza — na yeye hafungangi mlango — halafu akaniambia bodi ya hospitali imechoka na jikoni. Wagonjwa wanalalamika. Chakula kingi kinarudi. Kuna kampuni ya mjini, inapikia mashule na mikutano, imeomba ipewe kazi yetu. Bodi inakaa Jumatano tarehe kumi na moja Juni kuamua.

Nikauliza, na sisi saba?

Akasema kampuni huja na watu wake. Halafu akashusha sauti. Amewaomba wanabodi watupe nafasi: jikoni nayo ilete mpango wake wa biashara, usomwe kando ya ule wa kampuni. "Elmina, unaweza kuandika?"

Nikasema ninaweza.

Sijawahi kuandika mpango wa biashara maishani mwangu! Mimi ni mpishi. Cheti cha lishe nilikisomea nikiwa na miaka thelathini na sita, na nilipita kwa neema. Nimetoka pale. Nikaenda stoo, nikahesabu vitunguu ambavyo nilikuwa nimeshahesabu.

Jumanne, 6 Mei

Nimewaambia wenzangu kabla uji haujachemka. Chepkemboi aliendelea kukoroga kama hajasikia. Osoro akaniuliza ni lini, nikamwambia.

Mzee Omariba ndiye niliyemwogopa. Yeye ndiye mpishi mkuu, ana miaka hamsini na nane, alipikia kambi za wachuma chai kabla ya kuja hapa, na hapa ana mwaka wa kumi na tisa. Aliifuta mikono pole pole. "Mama Kiplimo, mimi nimepika miaka thelathini. Hakuna siku sufuria imeniuliza karatasi."

Wote wakacheka. Mimi pia. Lakini hakuna aliyefurahi.

Admin amenipa ukurasa mmoja wenye vichwa vya habari. Lengo. Wateja. Huduma. Wafanyakazi. Gharama. Hatari. Nimekwama kwa Wateja. Mteja ni mtu anayeweza kuondoka aende duka lingine. Wetu wamelala, wengine na mipira ya dripu mkononi. Wataenda wapi?

Alhamisi, 8 Mei

Leo nimefuata sahani. Sikujua pa kuanzia, nikasema wacha nianzie pale chakula kinapoishia. Niliomba mizani ya stoo, nikakaa karibu na wodi ya wanawake, nikapima kila kilichorudi. Wagonjwa ishirini na wanne. Kilo kumi na moja! Ugali mzima mzima, umekatwa kona moja tu.

Kitanda cha mwisho kuna bibi mmoja mzee, gogo kama tunavyosema sisi, anaitwa Cheptoo, ametoka Sigor. Ana kidonda mguuni na ana sukari. Sahani yake alikuwa ameifunika na leso, haijaguswa.

"Chamgei, gogo," nikamsalimia.

"Chamgei mising."

Nikamuuliza mbona hali. Je, ni chumvi? Ni mboga? Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa. "Mtoto wangu, saa hii nyumbani hata ng'ombe sijakamua. Nani anakula ugali kabla ya kukamua?"

Anaweka kando. Njaa ikimshika baadaye, ugali umeshakuwa jiwe. Anampa mgeni wa kitanda cha pili.

Ni kweli. Tunapeleka chakula cha jioni saa kumi na moja kasorobo. Kwa nini? Nimeuliza jikoni, hakuna anayejua. Imekuwa hivyo tangu zamani. Halafu Chepkemboi akasema, kama mtu anayetaja jina lake mwenyewe, "Si kwa sababu tunatoka saa kumi na moja?"

Kumbe! Saa ya mgonjwa kula imepangwa na saa ya mimi kwenda nyumbani.

Jumatatu, 12 Mei

Nimepima wodi zote. Watoto wanarudisha kidogo, mama zao wanamaliza. Wanaume wanarudisha kama wanawake.

Mvua ilianza saa tisa kama kawaida yake. Nilitembea na toroli. Hakuna paa kati ya jikoni na wodi ya wanaume. Gurudumu moja linavutwa badala ya kuzunguka, mifuniko mitatu haipo. Mpaka kitanda cha mwisho supu ilikuwa na ngozi juu. Mwanamume mmoja akaniuliza ikiwa hiyo ni ya leo.

Ni ya leo, bwana. Ilikuwa nzuri pia. Ulipaswa kuiona ikitoka.

Nimeandika kurasa mbili. Nimerarua moja.

Jumatano, 14 Mei

Weldon amekuja. Tulisoma cheti cha lishe pamoja, alikuwa ananakili kwangu hesabu za vitamini. Sasa yuko na ile kampuni. Koti safi, viatu havijui tope. Alinipeleka nje karibu na tanki la maji.

Hakuzunguka. Wakipata kazi, mimi nitabaki. Nitakuwa msimamizi, na mshahara utaongezeka nusu. "Hiyo plan andika, Elmi, lakini usijichoshe."

Na wengine je? Akasema wengine wataangaliwa. Anajua na ninajua maana yake.

Sikusema ndiyo. Lakini sikusema hapana! Hilo ndilo linanisumbua. Nilisimama pale nikifikiria mwanangu Kiplimo anaingia gredi ya kumi Januari. Nilirudi jikoni, Mzee Omariba akanionjesha maharagwe, akaniuliza kama chumvi imetosha. Nikasema imetosha. Sikuhisi ladha yoyote.

Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 17 Mei

Siku mbaya. Nilipofika asubuhi nilimkuta Sista Moureen mlangoni pa jikoni. Ndiye mkuu wa wodi ya wanawake, huwa hapandishi sauti. Leo alipandisha.

Ni Gogo Cheptoo. Jana jioni walimdunga sindano yake ya kushusha sukari saa kumi na mbili, kama kawaida. Nesi alimuuliza kama amekula. Akasema amekula — kwa heshima tu, hakutaka kuonekana anakataa chakula cha watu. Sahani ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa. Saa moja wakamkuta amelowa jasho, macho yamepinduka, haitiki. Sukari ilikuwa imeshuka kabisa.

Amepona. Walimwekea dripu, akaamka, akauliza nani amemlowesha. Lakini Sista alisema dakika ishirini zaidi na tungekuwa tunaongea mambo mengine.

"Mnaleta saa kumi na moja kasorobo, sisi tunadunga saa kumi na mbili. Hapo katikati nani anajua nini?"

Sikujitetea. Mimi nilimwona na leso yake siku tisa zilizopita! Niliandika kwenye daftari kama kitu cha kuchekesha. Sikwenda kumwambia nesi hata mmoja.

Nilienda kumwona. Alinishika mkono akaniambia pole. Yeye, kuniambia mimi pole.

Mchana nimempigia Weldon nikamwambia hapana. Hakuuliza sababu.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeharibu.

Jumapili yote niliandika. Chakula cha jioni kiende saa kumi na mbili na robo, sindano ingoje sahani, nesi aone mgonjwa akila. Sista Moureen amekubali, tena kwa haraka. Basi jikoni nayo itoke saa moja na nusu. Niliichapa ratiba, nikaibandika ukutani kabla watu hawajafika. Nilijiona kiongozi!

Niliwaambia pia habari ya Weldon. Nilitaka tuanze bila siri. Chepkemboi alinipiga begani. Osoro akasema mimi ni mjinga, lakini alikuwa anatabasamu.

Mzee Omariba alikuwa ameshafika ukutani. Alisoma. Akasoma tena. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza.

"Aliyeandika ndiye apike."

Akaondoka. Miaka kumi na tisa hajawahi kutoka kabla ya saa yake.

Jumanne, 20 Mei

Hakuja. Simu imezimwa. Mimi ndiye niliyesonga ugali wa watu mia moja na kumi. Mabega!

Alhamisi, 22 Mei

Nilienda kwake leo jioni nilipotoka kazini. Anakaa nyuma ya kituo cha kuuzia chai, nyumba ya mabati yenye maua ya njano mlangoni. Nilipita hapo miaka yote bila kuingia.

Nilibisha. Akasema ingia, bila kuinuka. Alikuwa anamlisha mke wake uji na kijiko.

Mama Phelis alipata kiharusi mwezi wa Desemba. Upande wa kulia hausogei, maneno yanatoka nusu. Jirani hukaa naye mchana lakini saa kumi na moja na nusu lazima aende kwa watoto wake. Ndio maana mzee hukimbia. Tangu Desemba! Anapikia watu mia na kumi, halafu anakuja kupikia mmoja, na huyo mmoja ndiye anayechukua saa nzima.

"Mbona hukusema, mzee?"

"Hukuuliza."

Hakusema kwa ubaya. Lakini liliingia. Nimeuliza gogo wa Sigor anakula saa ngapi. Nimeuliza wanaume, watoto, manesi. Watu sita ninaosimama nao kila siku sikuuliza hata mmoja.

Nikasema, ni kweli, sikuuliza, nisamehe. Akanipa kijiko nimalizie, yeye akaenda kuwasha jiko la chai. Mama Phelis alinishika mkono wa sweta kwa mkono wake mzuri, akakazana mpaka neno likatoka. Alisema "moto." Nilidhani uji umemchoma! Nikaupuliza. Akatikisa kichwa, akacheka kwa upande mmoja. Alikuwa anasifu. Uji ulikuwa moto, alipenda hivyo.

Tulikunywa chai. Ndipo mzee akaanza kuongea mwenyewe, akiangalia kikombe. Kule kambini walipika saa nne na wachuma walikula saa saba, mbali, kilimani. Chakula kilifika kinatoa mvuke. Walikuwa na masanduku ya mbao, ndani wamejaza magunia na majani makavu ya ndizi, sufuria inaingia katikati inabanwa pande zote. "Moto hautoki. Hauna njia."

"Mzee, unaweza kutengeneza moja?"

"Mbao ziko wapi?"

Jumatatu, 26 Mei

Amerudi! Aliifungua aproni mikunjo yake minne.

Karatasi yangu ya ukutani nimeitoa. Tulikaa wote saba kwenye magunia ya viazi na kila mtu akasema saa yake. Osoro hapendi kuamka, anataka kuingia saa nne na kutoka jioni. Chepkemboi anakaa hapa hapa kwenye nyumba za wafanyakazi, hata yeye jioni hana shida. Mzee apike, afunge sanduku saa kumi na nusu, aende kwa mama. Hao wawili wapakue na kugawa. Ilichukua dakika kumi na tano. Dakika kumi na tano! Na mimi nilikesha na rula.

Sanduku la kwanza limetoka kwa fundi wa hospitali. Mbao za kitanda kilichovunjika.

Jumatano, 28 Mei

Sista Moureen ameona majani ya ndizi. Ah! Ati nataka kumletea mende wodini. Na magunia pia, toka. Amesema pia chakula kisiteremke chini ya digrii sitini, akanipa kipimajoto, akasema hatasaini chochote bila namba.

Tulijaza maranda ya mbao kwenye foronya. Tukafunga saa kumi na nusu, tukafungua saa kumi na mbili na robo. Hamsini na moja.

Mzee aliisoma ile namba, akaingiza mkono ndani ya sanduku. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Sanduku lenyewe lilikuwa baridi. Ukiingiza mtu kwenye kitanda baridi, kwanza si anapasha kitanda?"

Ijumaa, 30 Mei

Blanketi kuukuu za hospitali, zimechemshwa, zimeshonewa vifuniko vya kufulika. Sufuria ya maji ya kuchemka ikae ndani nusu saa kwanza, itoke, ndipo chakula kiingie.

Saa kumi na mbili na robo: sitini na nane!!

Osoro alicheza katikati ya jikoni na mfuniko. Sista Moureen alichomeka kipimajoto mara tatu, sufuria tatu. Akaandika. Akaomba sahani.

Jumapili, 1 Juni

Wodi ya wanawake imeanza jana kwa mfumo mpya. Wiki moja na zaidi, tuone.

Leo baada ya kanisa nimerudia kuandika. Kichwa cha Wateja kimekuwa rahisi: mteja wetu ni mtu asiyeweza kusema hapana, kwa hivyo lazima sisi tumuulize. Huduma — nimeandika masanduku, saa, sindano ikifuata sahani. Mboga: akina mama wa Ndanai wameniambia wanaweza kuleta managu na isagek, mboga zetu za kienyeji, mara tatu kwa wiki, zimechumwa asubuhi hiyo, badala ya kabeji inayolala stoo siku tano. Maziwa ya Chebunyo tayari tunapata. Gharama nimezipanga na karani wa hesabu. Hazitishi, kwa sababu kinachotupwa ndicho kilikuwa kinatumaliza.

Kichwa cha mwisho ni Hatari. Mfano wa admin unasema andika mambo kama ukame na bei kupanda.

Niliandika ukame. Nikaandika bei. Halafu nikaandika habari ya Gogo Cheptoo bila jina lake. Yote. Pamoja na siku tisa zangu.

Alhamisi, 5 Juni

Bwana Alexander amesoma. Amesema ni mzuri, mzuri kuliko alivyotarajia, na nimeamua kutokasirika. Lakini ukurasa wa Hatari nitoe. "Unawapa kamba ya kukufunga, Elmina. Kampuni haitaandika makosa yake."

Nikamwambia ndiyo, haitaandika.

Yeye ni mtu mzuri na ametupigania, sikutaka kumkosea adabu. Nikasema, bwana, masanduku yote haya yametoka kwa huo ukurasa. Nikiutoa, bodi watauliza masanduku ni ya nini.

Aliupiga mpango wote muhuri. Ninaogopa sasa. Labda yeye ndiye anajua.

Jumatatu, 9 Juni

Wodi ya wanawake jana jioni: wagonjwa ishirini na sita. Kilichorudi — kilo mbili na nusu. Nilipima mara mbili.

Gogo Cheptoo ameruhusiwa. Mjukuu wake alikuja kumchukua. Alinipitia jikoni akitembea na fimbo, akaangalia sufuria zetu kubwa akashika mdomo. Alitaka kujua nani anasonga. Nikamwonyesha Mzee Omariba. Walisalimiana kila mtu na lugha yake, Kiswahili katikati. Alimwambia ugali wa wiki hii ulikuwa wa mtu mwenye mkono. Mzee akajifanya anatafuta chumvi.

Jumatano, 11 Juni

Saa mbili. Nimevaa gauni la harusi ya dada yangu. Linabana.

Saa tatu na nusu. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mkutano. Kampuni wako ndani. Ninasikia mashine yao ya picha ikivuma. Weldon alinipungia mkono akiingia, si kwa ubaya.

Saa tano. Nimetoka ndani. Niandike haraka kabla sijasahau. Wanabodi wako saba. Niliongea mpaka mwisho. Waliuliza gesi, wakauliza mboga wakati wa kiangazi, nilijibu. Mwenyekiti, mzee wa kanisa mwenye miwani minene, hakuuliza kitu. Alikuwa amefungua ukurasa wa Hatari na hafungui mwingine. Mwishoni akasema, "Hizo siku tisa. Mbona umeziandika?"

Nilikuwa nimejiandalia jibu refu. Lote lilipotea. Nikasema, kwa sababu zilikuwa tisa.

Mama mmoja wa bodi aliandika kitu. Sijui ni nini. Nikaambiwa nitoke ningoje.

Saa sita na dakika kumi. Niko stoo! Ninaandika juu ya gunia la unga. Mlango wa mkutano ulifunguka, nikasimama, nikadhani ni uamuzi. Mwenyekiti akatoka na wote nyuma yake, Bwana Alexander mbio mbio pembeni, na mwenyekiti akaniuliza jikoni ni upande gani. Ati wanataka kuona kabla ya kusema lolote. Kwa kampuni hawajaenda kuona popote, nilimuuliza admin, akatikisa kichwa.

Tulipofika Mzee Omariba alikuwa anapakua chakula cha mchana. Hakuna aliyemwambia kuna wageni. Aligeuka na mwiko mkononi, akaona jozi saba za viatu vya mjini kwenye kizingiti chake.

"Bila kofia na aproni hakuna mtu anaingia."

Admin akakohoa. Akamwambia, mzee, hii ni bodi.

"Ni sawa. Kofia ziko stoo. Mama Kiplimo atawaletea. Hicho chakula ni cha wagonjwa."

Kisha akatugeuzia mgongo akaendelea kupakua.

Nimepata kofia nne. Wao ni saba. Osoro amekimbia wodini kuomba zingine kwa Sista Moureen. Mvua imeanza mapema leo, na pale mlangoni hakuna paa. Ninawaona kwa dirisha la stoo. Mwenyekiti ameweka mpango wetu ndani ya koti usilowe. Hakuna aliyeingia. Hakuna aliyeondoka. Wamejipanga mstari, wanamsubiri Omariba awaruhusu kuingia.